Arifa kumi na nne, jibu hakuna: Kiswahili cha programu za kazini

NENO arifa limeangukiwa na bahati ya mtende. Kabla ya simu za kisasa lilikuwa neno la barua rasmi, na hata huko ndugu yake taarifa alikuwa akilifunika. Leo kila aliyeichagulia simu yake ya Android lugha ya Kiswahili hukutana nalo kutwa mara kadhaa. Neno maoni nalo limepandishwa cheo: pale mtumiaji anapotakiwa kusema lolote alilo nalo, pameandikwa “Tuma maoni”. Kwa mtu aliyejilaza nyumbani akitazama video, maneno hayo mawili yanamtosha. Hoja yangu ni kwamba kazini hayatoshi, na kwamba kutotosha kwake si suala la ufasaha peke yake. Kunaweza kumkosesha mtu zamu, siku ya mshahara, au kidole.

Nazungumzia programu ambazo waajiri huwawekea wafanyakazi kwenye simu: za kupanga zamu, kutoa maagizo, kutangaza hatari na kupokea ripoti. Nyingi zilitungwa kwa Kiingereza kisha zikavishwa Kiswahili. Sitaitaja hata moja kwa jina, maana ugonjwa ni wa ukoo mzima, na mifano nitakayoitoa ni ya aina ya jumbe wala si nukuu ya kampuni fulani.

Nimeichagua Bamburi iwe uwanja wa hoja yangu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi zenyewe. Ufuo wake umejaa hoteli, na ng’ambo ya barabara ya Malindi kuna kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954. Hoteli hailali, na tanuri la saruji halizimwi kila jioni kama jiko la mama ntilie. Watu hupokezana kwa zamu. Hapo utampata mpishi kutoka Kilifi, bawabu kutoka Kitui, fundi kutoka Kisumu na mwenyeji wa Kisauni aliyelelewa kwa Kimvita, na lugha wanayokutania wote bila kusukumana ni Kiswahili. Sababu ya pili ni jina la kituo cha matatu. Wenyeji walipoletewa kiwanda hawakusubiri kamati ya istilahi. Walichukua neno mtambo, lililokuwa likitumika hata kwa kifyatulio cha mtego na cha bunduki, wakakivisha kiwanda kizima, kisha wakaongeza -ni ya mahali. Makanga akiita “Mtamboni! Mtamboni!” hakuna abiria anayeuliza maana. Watu wa namna hiyo hawajakosa maneno. Aliyeyakosa ni yule aliyewafasiria programu.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo penye kasheshe kubwa. Chukua zamu ya usiku inayoanza saa nne. Kwa hesabu ya Kizungu ni 10:00, na programu iliyofasiriwa neno kwa neno itaandika: “Zamu yako inaanza saa 10:00 usiku.” Sarufi haina kasoro. Lakini msomaji wa Kiswahili anaposoma “saa 10 usiku” anasoma saa kumi, yaani kabla ya alfajiri, saa sita nzima baada ya mwenzake kuanza kumsubiri ampokee. Mwoka mikate anayetakiwa saa kumi alfajiri ataandikiwa “saa 4:00 asubuhi”, naye ataelewa, tena kwa haki kabisa, kwamba anatakiwa wakati chai ya wageni imeshaondolewa mezani.

Ajabu ni kwamba kosa hili hujificha. Ukiandika “saa 7:00 asubuhi” mtu atang’amua kwamba umechanganya, maana Waswahili hawana saa saba ya asubuhi. Atageuza mwenyewe kichwani na kufika saa moja. “Saa 2:00 mchana” nayo itamshtua, maana saa mbili ni ya asubuhi au ya usiku. Kwa hiyo mfanyakazi anazoea kwamba simu husema Kizungu kwa maneno ya Kiswahili, na anajifunza kugeuza. Kisha siku moja msimamizi mwenyewe anaandika tangazo kwa mkono wake, kwa Kiswahili cha kwao, “mkutano saa 4 asubuhi”, na nusu ya watu wanageuza tena. Wanafika saa kumi alfajiri, geti limefungwa! Nacheka, lakini anayekatwa malipo ya siku hacheki.

Halafu kuna siku. Kwa wazee wa Pwani, jua likitua siku imeisha. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, ambao ofisi huuita Alhamisi usiku. Waandishi wa habari walishaliona tatizo hili zamani ndipo wakajizoesha kuandika “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Neno moja la ziada, na ubishi umekwisha. Programu ya zamu ambayo haijasikia habari za kuamkia haijafasiriwa; imepakwa rangi tu. Tiba si ngumu: iandikwe 22:00, bila neno saa mbele yake, na pembeni iandikwe kwa herufi “saa nne usiku wa kuamkia Ijumaa”. Tarakimu kwa mtambo, maneno kwa mtu.

Sasa turudi kwa arifa. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii imesimama juu ya sharti moja ambalo halitajwi: kwamba mbiu hailii pasipo jambo. Vivyo hivyo, adhana huitwa mara tano kwa siku. Mwadhini angekuwa akiita kila baada ya dakika kumi kuwajuza waumini kwamba msikiti umepakwa chokaa, safu ya kwanza ingebaki na imamu peke yake. Simu ya kazini inafanya hivyo hasa. Inalia kwamba gesi inavuja jikoni, inalia kwamba kuna toleo jipya la programu, inalia kuwapongeza waliozaliwa mwezi wa Machi, kisha inavijumlisha vyote kwa tungo moja: “Una arifa 14.”

Kiswahili hakikuomba msongamano huo. Kina onyo, tahadhari, agizo, kumbusho, tangazo na taarifa, na maneno haya hayatofautiani kwa urembo bali kwa kile yanachomtaka msikilizaji afanye. Onyo linamtaka aache. Tahadhari inamtaka ajihadhari na aendelee. Agizo linamtaka atende, kumbusho linamrudisha kwa jambo alilolijua, na tangazo halimdai ila asikie. Mtu asiyejua Kiingereza hata herufi anazijua tofauti hizi tangu utotoni. Kuzifuta zote na kuweka arifa ni kumnyang’anya msomaji dalili aliyokuwa akiitegemea kuamua kama ataiacha sufuria jikoni akimbie au ataitazama simu baadaye.

Simtwiki mfasiri lawama zote. Anavyofanya kazi wengi hawajui. Hapewi ukurasa mzima ausome. Anapewa jedwali lenye vipande vya tungo, vingine vina pengo litakalojazwa na kompyuta baadaye. Kwa Kiingereza, kipande kimoja kinachosema kitu fulani kimetumwa hufaa kwa kila kitu, maana kitenzi hakibadiliki. Kwa Kiswahili ombi limetumwa, ripoti imetumwa, ujumbe umetumwa, malalamiko yametumwa. Jedwali lina nafasi moja tu, basi mfasiri anaweka “imetumwa”, na kesho yake mfanyakazi anasoma “Ombi imetumwa”. Huko bara hilo linapita mtaani kila siku. Bamburi linakwaruza sikio, na linafanya jambo baya zaidi ya kukwaruza: linamwambia msomaji kwamba aliyeandika si mtu anayezungumza naye.

Upatanisho wa ngeli ukivunjika kila mtu anauona. Kuna kasoro nyingine ambayo haionekani kwa sababu imekaa vizuri kisarufi, nayo ni hiyo -w- ya kutendwa. “Ombi lako limeshughulikiwa.” Na nani? Kauli ya kutendwa katika Kiswahili ina mahali pake pa kumtaja mtenda, kwa na: limeshughulikiwa na fulani. Programu hukata sentensi kabla ya kufika hapo. Kwenye habari za jana hilo si kosa. Kwa mtu aliyeripoti waya uliochunika, ndiyo sehemu pekee ya sentensi aliyokuwa akiingoja.

Ulimwengu wa viwanda ulishalipia funzo hili kwa bei ghali. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, Marekani, ving’ora zaidi ya 100 vililia ndani ya dakika chache za mwanzo, visivyo na maana vikilia pamoja na vyenye maana. Hilo lilikuwa tatizo la wingi. Lakini lililokuwa baya zaidi lilikuwa la maana, na mwalimu wa isimu angelitumia darasani. Kulikuwa na taa moja ya vali ya kupunguzia shinikizo. Taa ilipozimika, waendeshaji wakaelewa kwamba vali imefunga. Taa haikusema hivyo. Ilikuwa inaonyesha tu kwamba amri ya kuifunga vali imepelekwa. Vali yenyewe ilikwama wazi kwa zaidi ya saa mbili, maji ya kupoza yakitoka, hadi sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Imeamriwa kufungwa, imefungwa, imefunga: Kiswahili kina umbo kwa kila moja ya hali hizo, na kati ya la kwanza na la mwisho ndipo walipopotelea. Sasa tazama skrini ya mfanyakazi wetu. Ameandika kwamba sakafu ya nyuma ya jikoni inateleza, amebonyeza, imemjia alama ya tiki na neno “Imetumwa”. Imetumwa ni kwamba imetoka kwake. Haijasema imefika, wala imesomwa, wala kwamba kuna mtu amechukua ufagio. Yeye anaondoka akidhani ametimiza wajibu. Msimamizi naye hana habari. Wiki ya pili yanakuja mazungumzo ambayo yeyote aliyewahi kuajiriwa anayajua:

“Mzee, mimi nishatuma tangu Jumatatu.”

“Umetuma wapi?”

“Kwa ile programu. Ikaniambia imetumwa.”

“Mbona mimi sijaona kitu?”

Wote wawili wanasema kweli, na kati yao hakuna kitenzi.

Si kwamba hatujui kuunda ujumbe mzuri. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilituzoesha ujumbe unaotaja kiasi, jina la mtu, tarehe, saa na salio, tena unaofika kwa aliyetuma na kwa aliyetumiwa kwa wakati mmoja. Hakuna atakayekubali kutumiwa shilingi 500 kwa neno “Imetumwa” peke yake. Mama muuza mahamri angekuuliza, imetumwa kwa nani? Kwa pesa zetu tunadai mtenda, mtendwa na kiasi. Kwa mgongo wa mfanyakazi tunaridhika na tiki.

Lililo jema ni kwamba ngeli na uwajibikaji vinatibiwa kwa dawa moja. Badala ya “Ombi imetumwa” iandikwe “Tumepokea”, na pengo lifuate: tumepokea ombi, tumepokea ripoti, tumepokea malalamiko. Kitenzi hakihangaiki tena na ngeli ya kilichopokewa, maana sasa kinapatana na mtenda. Na mtenda ni sisi. Sisi ina wenyewe. Mtu anaweza kuuliza, nyinyi ni nani? Mfasiri aliyekuwa akitafuta njia ya kuukwepa upatanisho atajikuta amemrudisha mwajiri ndani ya sentensi.

Nageukia maoni, neno ambalo nina ugomvi nalo zaidi kuliko arifa. Linatokana na -ona. Mwenye maoni anasema mambo anavyoyaona yeye, na kwa heshima zetu anayesikiliza yuko huru kuyachukua au kuyaacha, ndiyo maana mtu akitaka kulikata makali neno lake husema, “Hayo ni maoni yangu tu.” Mtu aliyeona maji kwenye ngazi hana maoni. Ameona. Neno lililozaliwa na kuona linatumika kuyapunguza aliyoyaona yawe mtazamo. Kumwambia huyo “Asante kwa maoni yako” ni kumpa adabu na kumnyima jibu kwa pamoja.

Sheria haiyachanganyi mambo haya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amripotie msimamizi wake hali yoyote anayoamini kwa sababu za msingi kwamba ina hatari kubwa au iliyo karibu. Huo ni wajibu. Mwajiri aliyefungua mlango mmoja tu na kuuandika “Tuma maoni” amemwelekeza mtu atimize wajibu wa kisheria ndani ya kisanduku cha mapendekezo, kinamopokewa pia habari za chumvi kuzidi kwenye maharagwe. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inasema mkataba wa asiyeweza kusoma au kuielewa lugha ulioandikwa uelezwe kwake kwa lugha anayoielewa. Mkataba ukishatiwa sahihi huwekwa kabatini. Onyo la gesi huja Jumanne saa tisa, na sioni kwa nini lidaiwe ufasaha mdogo kuliko karatasi iliyolala.

Kuna programu ya hapa kwetu iliyolichagua neno lake kwa makini. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea, Wakenya wachache walitengeneza mfumo wa kukusanya habari za watu wa kawaida kwa ujumbe mfupi na mtandao na kuziweka kwenye ramani. Wakauita Ushahidi, wala si Maoni. Jina lile lilimpa aliyetuma cheo cha shahidi, na shahidi ana haki ya kuulizwa: uliona wapi, lini, nani mwingine aliona? Mfumo ukatenganisha habari zilizothibitishwa na zisizothibitishwa, jambo linalofuata lenyewe ukishakubali kwamba ulichopokea ni ushahidi. Jina zuri halikumaliza kazi, lakini liliielekeza.

Najua nitakavyojibiwa. Wafanyakazi wa hoteli wanajua Kiingereza, na wengine Kijerumani na Kiitaliano juu yake. Wana haja gani na haya? Jibu liko kwenye makundi yao ya WhatsApp, ambako habari nzito hupita kwa ujumbe wa sauti, mtu akisema kwa pumzi moja: “Jamani, ngazi za nyuma zina maji, mtu asipite mpaka yapanguswe.” Maneno kumi. Ndani yake yumo anayeambiwa, pako mahali, ipo hatari, lipo katazo, tena katazo lenye kikomo chake. Haikosi kitu ila kumbukumbu, maana kesho ujumbe umefukiwa na salamu na picha za harusi. Programu ina kumbukumbu, haina hayo mengine. Anayetaka kuirekebisha asianzie kwenye kamusi. Aanze kwa kusikiliza watu wanavyoonyana pale asipokuwapo bosi.

Aside moja kuhusu neno mtumiaji, ambalo skrini hizi hulitumia kumwita mtu aliyeajiriwa kwa jina lake kamili. Shina lake ni -tum-, lilelile la mtume, mtumishi na mtumwa. Mtumiaji anatuma, anatumia, na simu ikilia mara 14 kabla ya chai, anatumwa. Si angeitwa tu kwa jina, au Bi na Bwana, kama anavyoitwa na mwenzake korido ile ile?

Limebaki suala la mrejesho, neno ambalo wasomi wanalipendekeza mahali pa fidibaki. Kiingereza kilililipata neno hilo kwa mafundi wa redio na umeme, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa maana ya mawimbi yanayotoka kwenye chombo kisha kurudishwa ndani yake. Mrejesho limeundwa vizuri: rejea, rejesha, mrejesho, na ndani yake mna kitu kinachorudishwa na mtu anayekirudisha. Nalipenda kuliko maoni. Ila nikimsikiliza mtu wa Mtamboni simsikii akisema hajapata mrejesho. Anasema hajajibiwa. Jibu ni neno la kila siku, na lina nguvu ambayo mrejesho halijapata bado, kwa kuwa tumelelewa nalo mlangoni: hodi inaitikiwa, na asiyeitikiwa mara ya tatu anajua aende zake. Programu ya kazini inawapigisha watu hodi kila siku na hakuna anayesema karibu, na wao wamefanya kama wanavyofanya mlangoni.

Kwa hiyo ningeanza na vitufe viwili. Palipoandikwa “Tuma maoni” paandikwe “Nimeona”, na hapo mtu aulizwe wapi, lini na kuna hatari gani. Mapendekezo ya chumvi na maharagwe yatafutiwe mlango wao. Cha pili kiwe upande wa msimamizi, nacho kisikubali kuandika “limeshughulikiwa” mpaka nafasi iliyo baada ya na ijazwe jina.